Injini Mpya kwa Land Rover Kuukuu

Gari halizeeki lote kwa pamoja. Land Rover ilipooneshwa kwa mara ya kwanza huko Amsterdam mwezi Aprili 1948, feleji ilikuwa ikigawiwa kwa kipimo nchini Uingereza, na kwa sababu hiyo waundaji wake waliivika bodi ya aloi ya alumini. Alumini ikiguswa na hewa hujifunika utando mwembamba wa oksidi unaoizuia isiendelee kuliwa. Feleji haina kinga hiyo. Matokeo yake yaonekana hadi leo. Mwezi Oktoba 2024 mamia ya Land Rover zilikusanyika Arusha kwa maonesho, na nyingi kati yake zilikuwa za miongo mingi iliyopita, bodi zikiwa bado zasimama imara.

Chini ya boneti mambo ni mengine. Kuta za silinda zimelika, pete za pistoni zimelegea, moshi wa samawati watoka nyuma kuonyesha kwamba oili yaungua pamoja na petroli. Mwenye gari hapo hukabiliwa na swali ambalo kila karakana ya Gerezani, Dar es Salaam, au ya Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, ina jibu lake tayari: afunge injini gani badala ya hii iliyochoka?

Na ichukuliwe Land Rover moja ya aina ya Series III, zilizoundwa kati ya mwaka 1971 na 1985, yenye inchi 109 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Ni mali ya zahanati iliyo mbali na lami. Hubeba dawa, hubeba wauguzi, na usiku hubeba mama mjamzito aliyeshikwa na uchungu. Injini yake ya asili ni ya petroli, silinda nne, ujazo wa sentimeta 2,286. Kamati ya zahanati imechanga fedha za kununua injini moja tu. Ikikosea, hakuna ya pili.

Swali la kwanza ambalo watu huuliza ni injini ina farasi wangapi. Swali hilo lilipaswa kuwa la mwisho. Injini haisukumi gari. Kinachosukuma gari ni tairi lililoshika ardhi, na baina ya injini na tairi kuna klachi, giaboksi, shafti na difu, kila kimoja kikiwa na kiasi chake cha kuvumilia. Anayeanzia hesabu kwenye injini na kuteremka hugundua kasoro baada ya kitu kuvunjika. Anayeanzia kwenye tairi na kupanda huigundua akiwa bado na kalamu mkononi.

Yafaa kwanza kutenganisha vipimo viwili ambavyo mara nyingi huchanganywa. Fundi anayefungua nati ngumu ya gurudumu huchomeka bomba kwenye mpini wa spana ili uwe mrefu zaidi. Kani ya mkono wake haikuongezeka, lakini nati inalegea. Kani ikizidishwa kwa urefu wa mpini hutoa kipimo kinachoweza kuitwa msokoto, na kizio chake ni Nyutoni-mita. Msokoto peke yake hausemi kazi inafanyika upesi kiasi gani. Kwa hilo chahitajika kipimo cha pili, yaani nguvu, ambayo ni msokoto pamoja na kasi ya mzunguko. Msokoto katika Nyutoni-mita ukizidishwa kwa idadi ya mizunguko kwa dakika, kisha jibu likagawanywa kwa 9,550, hupatikana nguvu katika kilowati. Nguvu-farasi moja ni karibu robo tatu ya kilowati.

Injini ya asili ya gari letu ilitoa nguvu-farasi kama 70, yaani kilowati 52, ikizunguka mara 4,000 kwa dakika. Msokoto wake wa juu kabisa ulikuwa kama Nyutoni-mita 160. Sasa ilinganishwe na injini ya dizeli ya kiwanda hicho hicho iitwayo 200Tdi, iliyotolewa mwaka 1989, yenye ujazo wa sentimeta 2,495. Wauzaji husema ina farasi 107, na wanunuzi hutikisa vichwa kwa kuridhika. Jambo la maana zaidi halimo katika farasi hao. Injini hiyo hutoa msokoto wa Nyutoni-mita 255 ikizunguka mara 1,800 tu. Mwanafunzi akiingiza tarakimu hizo katika kanuni iliyotajwa atapata kilowati 48. Kwa maneno mengine, injini ya dizeli ikiwa bado yanguruma polepole hutoa karibu nguvu yote ambayo ile ya petroli huipata ikiwa inapiga kelele kwa mizunguko 4,000.

Tofauti hiyo huonekana mlimani. Tuseme gari limepakiwa na lina uzito wa kilo 2,500, nalo lapanda barabara inayoinuka mita 10 kwa kila mita 100, kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa. Kuinua uzito huo pekee hudai kilowati 27, na ukinzani wa matairi kwenye changarawe huongeza kama 5. Magurudumuni zahitajika kilowati 32 au 33. Lakini gia na difu hula sehemu, hivyo injini yapaswa kutoa karibu 38. Injini ya petroli yenye 52 yaonekana kutosha, na kando ya bahari hutosha kweli. Ikifika ukingo wa Ngorongoro, kiasi cha mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, kanieneo ya hewa imepungua kwa karibu robo. Silinda ileile huvuta hewa chache zaidi, na petroli haiungui bila oksijeni. Zile 52 hubaki kama 40. Dereva hulazimika kushuka gia ya pili na kuizungusha injini zaidi ya mara 3,200 kwa dakika, mguu ukiwa umekanyaga mpaka chini, huku sindano ya joto ikipanda. Wala maji ya rejeta hayamsaidii sana: kwenye kimo hicho maji yaliyo wazi huchemka kwa nyuzi 92 hivi, na ni kizibo cha rejeta kinachobana mvuke ndicho kinachoyazuia yasichemke mapema. Kizibo kilicholegea, kitu cha bei ndogo kuliko vyote vilivyotajwa hapa, kimewahi kuua injini nyingi milimani.

Dizeli hustahimili hali hii kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya tangu enzi za Rudolf Diesel mwenyewe, aliyefanikisha injini yake huko Augsburg mwaka 1897. Injini ya petroli ya Series III hubana mchanganyiko wake mara 8. Kwa nchi zenye petroli duni kiwanda kilitoa hata injini iliyobana mara 7. Injini ya 200Tdi hubana hewa mara 19.5. Hewa iliyobanwa hivyo hupata joto la kuzidi nyuzi 500, na dizeli ikirushwa humo huwaka bila cheche yoyote. Kadiri gesi inavyobanwa zaidi kabla ya kuungua ndivyo inavyoweza kutanuka zaidi baadaye, na sehemu kubwa zaidi ya joto hugeuzwa kuwa kazi. Sababu ya pili ni tabo, yaani feni iendeshwayo na moshi unaotoka, ambayo husukuma hewa silindani badala ya kuingoja ivutwe. Alfred Büchi wa Uswisi alipata hataza ya wazo hilo mwaka 1905. Mlimani, ambako hewa ni haba, tabo huirudishia injini sehemu kubwa ya kile ambacho kimo kimeipokonya.

Si kila dizeli ni sawa, hata hivyo, na hapa wengi hudanganyika. Series III zenyewe ziliuzwa pia na injini ya dizeli ya sentimeta 2,286, isiyo na tabo, yenye nguvu-farasi 62 tu na msokoto wa Nyutoni-mita 140. Ndani yake dizeli haikurushwa moja kwa moja juu ya pistoni bali katika chumba kidogo cha pembeni, mtindo uliobuniwa na Mwingereza Harry Ricardo. Chumba hicho huchanganya hewa na mafuta vizuri, lakini kuta zake hunyonya joto, na ndiyo maana injini hiyo hubana hewa mara 23 na bado asubuhi ya baridi haiwaki bila plagi za kupashia moto. Kuondoa petroli iliyochoka na kuweka dizeli ya zamani ya namna hii ni kubadili ugonjwa kwa ugonjwa. Gari la zahanati litakunywa mafuta kidogo, na litapanda mlima polepole kuliko lilivyopanda likiwa bovu.

Kufikia hapa msomaji aweza kudhani kwamba uamuzi umekwisha: inunuliwe 200Tdi. Hesabu ya tairi haijafanywa bado.

Katika gia ya kwanza, gia nzito ikiwa imetiwa, giaboksi na difu za Series III huuzidisha msokoto wa injini kwa karibu mara 40.6. Injini ya petroli yenye Nyutoni-mita 160 hufikisha magurudumuni kama 6,500, na kwa kuwa gia nzito huendesha magurudumu yote manne, kila moja hupata kama 1,625. Je, tairi laweza kupokea kiasi gani kabla ya kuteleza? Gurudumu lililobeba kilo 700, kwenye ardhi kavu yenye msuguano wa 0.8, likiwa na nusukipenyo cha mita 0.39, huteleza msokoto ukifika kama 2,100. Waundaji walijua walilolifanya: injini ya asili haiwezi kufikia kikomo hicho. Gurudumu likikwama baina ya mawe mawili, injini huzimika, na hakuna kilichovunjika.

Sasa iwekwe 200Tdi bila kubadili kitu kingine. Msokoto wa 255 ukizidishwa kwa 40.6 hutoa 10,350, nao ukigawanywa kwa magurudumu manne kila moja hupata kama 2,590. Kikomo kimepitwa. Kwenye ardhi laini tairi litateleza na madhara yatakuwa matope tu. Kwenye mawe, gurudumu lililobanwa halitelezi. Kinachosalimu amri ni shafti ya ekseli, ile ambayo mafundi huiita hafu-shafti. Land Rover fupi ya inchi 88 ndiyo iliyo hatarini zaidi, kwa kuwa shafti zake za nyuma ni nyembamba. Nyingi za Series III za inchi 109 zilipewa ekseli nene ya nyuma aina ya Salisbury, lakini mbele hakuna unene huo.

Ushahidi bora wa jambo hili ulitolewa na kiwanda chenyewe. Mwaka 1979 Land Rover iliamua kuitia kwenye gari la inchi 109 injini ya petroli ya silinda nane, lita 3.5, ambayo tangu mwaka 1970 ilikuwa ikiendesha Range Rover kwa nguvu-farasi zaidi ya 130. Gari hilo liliitwa Stage One. Wahandisi hawakuiachia injini nguvu yake yote. Waliibana pumzi mpaka ikabaki na nguvu-farasi 91. Walilitilia giaboksi ya Range Rover inayogawa msokoto mbele na nyuma wakati wote. Na katika ekseli waliondoa difu zenye uwiano wa 4.7 kwa 1, wakaweka za 3.54 kwa 1. Fundi anayefunga injini hiyohiyo ikiwa na nguvu zake zote, kwenye ekseli za zamani, anajidai kujua gari hilo kuliko walioliunda.

Hizo difu za 3.54 zastahili kutazamwa tena, maana ndani yake mna suluhisho la gari la zahanati. Uwiano huo ulitumika pia katika One Ten iliyofuata mwaka 1983, kwa hiyo gia zake hupatikana, ingawa zile za ekseli ya Salisbury hutafutwa kwa subira. Zikifungwa, ule mzidisho wa 40.6 hushuka hadi 30.6. Msokoto wa 255 hufika magurudumuni ukiwa 7,800, na kila gurudumu hupata 1,950, chini ya kikomo cha 2,100. Gari lina msokoto mwingi kuliko lilipotoka kiwandani, na shafti zimesalimika. Faida ya pili huonekana barabarani. Kwa matairi ya kawaida ya gari hilo, mwendo wa kilomita 80 kwa saa huitaka injini izunguke mara 2,900 kwa dakika ikiwa difu ni za zamani. Kwa difu za 3.54 mizunguko hushuka hadi 2,200, mahali ambapo dizeli hufanya kazi kwa utulivu na uchumi. Sharti moja halina mjadala: difu ya mbele na ya nyuma hubadilishwa pamoja. Zikiachwa na uwiano tofauti, magurudumu ya mbele na ya nyuma yatashindana siku dereva atakapotia gia nzito, na mashindano hayo huishia kwa giaboksi kupasuka.

Kisha breki. Katika karakana nyingi jambo hili halitajwi kabisa, nalo ndilo linaloweza kuua watu. Series III ina breki za dramu kwenye magurudumu yote manne, ilhali Range Rover ya mwaka 1970 ilipewa za diski kote kwa sababu ya kasi yake. Nishati ya mwendo huongezeka kwa mraba wa kasi. Gari la kilo 2,500 likienda kilomita 80 kwa saa lina kilojuli 617. Likienda 100, lina 965. Kasi imeongezeka kwa robo, na joto ambalo dramu zapaswa kulimeza limeongezeka kwa zaidi ya nusu. Gari ambalo halikuwahi kufika 100 kwa urahisi sasa hufika bila dereva kutambua, na huteremka Kitonga na breki za mwaka 1975.

Kuna hila nyingine iliyojificha hapo hapo. Injini ya petroli ina kilango cha hewa kwenye kabureta. Dereva akiinua mguu kilango hufunga, na injini inayovuta hewa dhidi ya kilango kilichofungwa hutengeneza ombwe. Ombwe hilo ndilo linaloendesha busta ya breki. Injini ya dizeli haina kilango cha namna hiyo, hivyo haina ombwe la kugawa. Ndiyo sababu 200Tdi ina pampu yake ya ombwe. Injini nyingine za mitumba huuzwa pampu ikiwa imekwisha kung'olewa, na fundi asiyejua huziba bomba la busta kwa skrubu. Gari huwaka, hutembea, hushangiliwa. Dereva atagundua kwenye mteremko wa kwanza kwamba pedali imekuwa ngumu kama jiwe. Ukosefu wa kilango una athari nyingine pia: mguu ukiinuliwa, injini ya dizeli hulizuia gari kwa nguvu ndogo kuliko ya petroli yenye ujazo sawa, kwa hiyo kazi zaidi huziangukia dramu zilezile.

Injini za Kijapani hazina budi kutajwa, maana zimefungwa katika Land Rover nyingi za Afrika Mashariki, na vipuri vyake hupatikana hata katika miji midogo. Hiyo ni hoja yenye uzito. Lakini hesabu ya tairi haibagui taifa. Injini ya Toyota iitwayo 1HZ, iliyotolewa mwaka 1990, ni maarufu kwa kudumu, haina tabo, na hutoa msokoto wa Nyutoni-mita 285. Ina silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, lita 4.2 za chuma kizito. Kuiingiza katika Series III hulazimu kusogeza rejeta, kutengeneza bamba la kuiunganisha na giaboksi, na kuongeza springi za mbele. Injini za silinda nne za Kijapani huingia kwa urahisi zaidi, almuradi bamba hilo lichongwe kwa usahihi. Shafti ya giaboksi na kitovu cha klachi visipolingana kwa sehemu ndogo ya milimita, beringi italia katika miezi ya mwanzo. Injini ya 200Tdi, kwa kuwa ni ya ukoo mmoja na ile ya sentimeta 2,286, hushikana na nyumba ya klachi ya Series III kwa marekebisho machache. Mnunuzi aangalie imetoka kwenye gari gani. Zile za Discovery zina tabo iliyowekwa chini, nayo hugonga chesisi. Zile za Defender zina tabo iliyowekwa juu.

Baada ya yote hayo lipo swali la kama injini ya kigeni yahitajika hata kidogo. Tukadirie kwamba gari la petroli hutumia lita 18 kwa kilomita 100, na lenye 200Tdi lita 11. Zahanati inayotembeza gari kilomita 20,000 kwa mwaka itaokoa lita 1,400 kila mwaka, na gharama ya injini, difu na ufundi hurudi. Zahanati inayotembeza kilomita 4,000 itaokoa lita 280. Kwa hiyo ya pili, tena ikiwa katika nchi tambarare isiyo na milima, kilicho bora ni kuchonga silinda za injini ya asili, kuitia pistoni na pete mpya, kusaga vali, na kuirudisha mahali pake. Shafti, breki, busta na rejeta vyote hubaki vikilingana nayo, kama vilivyopangwa. Mafundi hawapendi kushauri hivyo kwa sababu kazi hiyo haina sifa mitaani.

Ile ya kwanza, iliyo milimani, yafaa kununua dizeli, na kununua kwa macho. Injini ya mtumba iwashwe ikiwa baridi, si baada ya muuzaji kuipasha moto. Kifuniko cha kumiminia oili kifunguliwe injini ikiunguruma: pumzi nzito ya moshi ikitoka hapo, gesi yapenya pembeni mwa pistoni. Namba ya injini ilinganishwe na hati za mauzo, kwa kuwa itaandikwa upya katika kadi ya gari. Fremu ya chesisi igongwe kwa nyundo kabla ya fedha kutolewa, hasa ikiwa gari limekaa pwani, maana bodi ya alumini huweza kuficha feleji iliyooza. Na tofauti moja isisahauliwe: injini ya asili huendesha vali zake kwa cheni, ilhali 200Tdi huziendesha kwa mkanda wa mpira, ambao vumbi huufupishia maisha. Mkanda ukikatika, pistoni hugonga vali. Kwa hiyo hubadilishwa siku ileile injini inapofungwa, hata kama muuzaji ataapa kwamba uliwekwa mpya juzi.